Hofu Si Hoja

Jumatatu, 27 Januari

Baridi ya leo inauma mpaka ndani ya pua. Gari limekataa kuwaka mara mbili, mara ya tatu likaona aibu. Nimefika darasani nimechelewa, na wanafunzi wangu kumi na wanne walikuwa wameshaandika ubaoni kwa kuuigiza mwandiko wangu: HOFU SI HOJA. Ndilo neno langu la kufungulia muhula, mwaka wa kumi na tisa sasa. Wanalicheka, lakini wanalikumbuka.

Leo tumechota pande za mdahalo. Mkebe ni uleule wa kahawa, na mada ni moja kwa wote, ile itakayopigiwa kura kwenye mkutano wa mji mwezi wa Machi: je, mji wetu wa Ashbel ufungue lango na kupunguza maji ya bwawa kabla theluji haijayeyuka, mpaka ukuta ukaguliwe? Vikaratasi saba nimeandika NDIYO, saba HAPANA. Atakayeshinda darasani atapewa dakika tano mbele ya mji mzima, kama ilivyo desturi yetu.

Maudie Thibault amechota HAPANA. Kengele ilipolia akabaki.

"Mwalimu, naomba nibadilishe."

"Sheria unaijua."

"Sisi tunakaa Mtaa wa Kinu. Dirisha langu linatazama ukuta."

"Basi una la kusema kuliko wenzako."

"Lakini mimi nataka wafungue!"

"Ndiyo maana. Kutetea unachokipenda hata mtoto mchanga anaweza. Upande uliouchota ndio upande wako."

Akakikunja kikaratasi mpaka kikawa kama punje ya mchele. Ana miaka kumi na sita, ni mrefu, hukunja mabega asionekane. Sauti yake ya chini ni nzuri mno. Namkatalia huku nikimwona tayari jukwaani.

Jumanne, 28 Januari

Theluji. Shule imefungwa. Nimesahihisha, nimelala.

Alhamisi, 6 Februari

Haskell Bixby amekuja kunizolea theluji mlangoni, kisha nikamwita jikoni anywe kahawa. Haskell ndiye mtunza lango la bwawa, mwaka wa thelathini. Tulisoma darasa moja. Tangu utoto wake huongea na viatu vyake, na ukitaka kumsikia lazima uiname.

Leo alitoa mfukoni chupa ya jemu yenye maji, akaiweka mezani karibu na sukari.

"Haya yanatoka wapi?" nikamuuliza.

"Chini ya ukuta. Kwenye lile jiwe la pembeni."

"Si yalikuwa yakitoka siku zote?"

"Yalikuwa safi." Akaisogeza dirishani. "Yakitoka safi, bwawa linatokwa jasho tu. Yakitoka na tope, ukuta unaliwa kwa ndani."

Nikaitazama. Maji yalikuwa na ukungu kidogo, kama umesuuza glasi ya maziwa ukasahau tone.

"Haskell, haya ni safi."

"Si kama ya mwezi uliopita."

Alisema anachota chupa moja kila asubuhi, anaibandika tarehe, anaipanga dirishani kwake. Nilimwambia akayaeleze hayo mkutanoni, na asimame wima. Akacheka, akasema viatu vyake vitakosa mtu wa kuzungumza nao. Alipoondoka nikaona ameisahau ile chupa. Nimeiweka kabatini nyuma ya unga ili nisiione.

Jumatano, 12 Februari

Nimebaki na Maudie baada ya saa za shule. Hotuba yake ina hoja zote: zimamoto wanahitaji maji ya bwawa, mashindano ya uvuvi yatakufa, na ukuta umesimama tangu enzi za babu wa babu yake. Lakini ni kavu, mkate wa juzi.

"Nani katika mji huu anakaa karibu na ule ukuta kuliko wewe?" nikamuuliza.

"Hakuna. Mimi na babu."

"Basi sema hivyo. Sema: kama kuna mtu mwenye haki ya kuogopa, ni mimi. Halafu nyamaza. Hesabu mpaka tatu. Kisha sema: na mimi siogopi."

"Lakini naogopa."

"Hotuba si kitubio, Maudie."

Akanitazama kidogo, akaandika. Alipolisema mara ya kwanza, nywele za mikono zilinisimama. Nilimrudisha kwa gari mpaka kwao. Babu yake, Mzee Armand, alikuwa mlangoni na fimbo yake, akanipungia kofia. Ukuta uko nyuma ya nyumba kabisa. Nilikuwa nimesahau ulivyo mrefu. Niligeuza gari haraka kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi, 20 Februari

Maudie ameshinda. Kura kumi na tatu kwa moja, na hiyo moja ni yake mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi. Mkutano wa mji

Siku ya mwaka! Siandiki tena kwa haraka, nataka niikumbuke yote.

Ukumbi wa shule ulijaa, watu mia mbili na zaidi, makoti yamelundikwa kwenye ngazi, maharage na pai kwenye meza ndefu kwa ajili ya mchana. Orrin Wheelock, mkuu wa halmashauri ya mji, alikuwa mbele na miwani kwenye paji la uso. Alikuwa mwanafunzi wangu mwaka wa kwanza kabisa, na mpaka leo ananiita Mwalimu.

Tulijadili greda la barabara saa nzima. Hatimaye likaja la bwawa. Haskell alisimama na chupa yake na kunung'unika kama kawaida yake. Mtu wa nyuma akauliza, "Hiyo ni chai, Haskell?" na watu wakacheka. Sikumsikia vizuri, nilikuwa natazama mikono ya Maudie.

Kisha Orrin akauliza kama kuna anayepinga binti asiyefikia umri wa kupiga kura kuzungumza. Hakuna. Maudie akaenda mbele. Kwa mara ya kwanza nikamwona amenyoosha mabega. Mzee Armand alikuwa safu ya mbele kwenye suti yake ya kanisani, mikono miwili juu ya fimbo.

Hakuangalia kadi hata mara moja. Alianza na zimamoto, akasimulia ghala la akina Colby lilivyookolewa na maji ya bwawa, na akina Colby wenyewe wakaitikia kwa vichwa. Akaja kwenye uvuvi wa barafu, akawachekesha. Sauti yake ilikuwa inashuka badala ya kupanda, kama nilivyomfundisha, mpaka watu wakawa wameinama mbele kumfuata. Kisha akasema:

"Nyumba iliyo karibu na ule ukuta kuliko zote ni yetu. Kama kuna mtu katika ukumbi huu mwenye haki ya kuogopa, ni mimi."

Moja. Mbili. Tatu. Hata watoto walinyamaza.

"Na mimi siogopi."

Mzee Armand alikuwa analia bila kujificha. Watu wakasimama kupiga makofi. Orrin akaita kura ya sauti. "Ndiyo" ilitoka hafifu kama kwenye kisima. "Hapana" ilitikisa madirisha.

Nami nilisema hapana. Kwa nguvu. Nilikuwa na ile chupa kabatini na bado nilisema hapana, kwa sababu alikuwa wangu.

Jumatano, 5 Machi

Orrin amenipigia simu kunipongeza. "Mwalimu, huyu amenipita hata mimi." Nimetembea juu ya mawingu siku nzima.

Jumapili, 9 Machi

Joto limepanda, utomvu wa mepo, ile miti tunayopikia sukari, umeanza kutiririka. Kila kibanda mlimani kinafuka mvuke, watu wanachemsha usiku na mchana, mji mzima unanuka sukari.

Nimepita kwa Haskell kuchukua galoni yangu ya utomvu uliochemshwa. Chupa zake zimepangwa kwenye vidirisha vyote vya jikoni. Ukizitazama moja moja huoni kitu. Ukitembea toka dirisha la kwanza mpaka la mwisho, unaona. Ya kwanza ni maji. Ya leo ni kama chai iliyotiwa maji mengi.

Nilirudia kutembea mara mbili. 

"Fungua lango, Haskell. Funguo si unazo?"

"Mji umepiga kura."

"Nani atakuona?"

"Lorna," akasema, na safari hii alinitazama mimi, si viatu. "Mimi ni mtumishi wa mji. Mji ukisema hapana, ni hapana. Nikianza kufungua ninavyotaka mimi, mkutano wa nini?"

Huyo ndiye mtu wa kwetu. Atakosana na Mungu kabla hajavunja kura ya mkutano.

Ijumaa, 14 Machi

Sheria inaturuhusu kurudia kura iwapo saini thelathini na moja zitapatikana ndani ya siku thelathini. Nimeanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Matope yanafika kwenye vifundo. Nimepata saini sita.

Mama Colby alinifungulia mlango nusu. "Si wewe uliyemfundisha yule binti?"

"Ni mimi."

"Na kura si ulipiga nasi? Nilikusikia, ulikuwa nyuma yangu. Karibu unipasue sikio."

"Nilikosea."

"Ama kweli! Mwezi wa Februari unatufundisha hofu si hoja, Machi unatuletea hofu kwenye karatasi. Vaa kofia, Lorna, utapata mafua."

Alhamisi, 20 Machi

Saini kumi na nne. Usiku mvua kidogo juu ya theluji. Naamka kusikiliza paa.

Nimemfuata Orrin dukani kwake. Alinisikiliza kwa heshima, akanisogezea na kiti. Kisha akasema, "Mwalimu, nikuulize ulivyokuwa ukituuliza. Ushahidi wako ni nini?"

"Chupa za Haskell."

"Kuna mtaalamu aliyezipima?"

"Mtaalamu mnasubiri theluji iishe ndipo aje. Ndilo mlilopitisha."

"Basi una nini mkononi?"

Nikasema, "Naogopa, Orrin."

Akatabasamu, bila ubaya wowote. Hakuhitaji kulisema. Sote wawili tulilisikia.

Alhamisi, 27 Machi

Maudie amesinzia darasani. Nilipomgusa bega aliruka, na nikaona amevaa mabuti ya mpira chini ya meza.

"Umetoka zizini?"

"Nalala nayo, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu niseme."

Nikamtoa nje ya darasa. Akaniambia kila jioni anarudi kutazama lile jiwe, na kuwa Haskell anampa chupa azitazame kwenye mwanga. Nikamuuliza kwa nini hajamwambia babu yake waondoke wakakae kwa shangazi yake mlimani.

"Nimemwambia. Ameikata ile hotuba kwenye gazeti, ameitia fremu, ameitundika juu ya meza ya kulia. Anasema, 'Mjukuu wangu alisimama mbele ya mji akasema haogopi. Nikihama, nitakuwa nimemwita mwongo mbele ya watu walewale.'" Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Nikimwambia naogopa, anacheka. Anasema nimeanza kuwa mnyenyekevu."

Nikataka kumkumbatia, nikakumbuka tuko koridoni. Nilimwambia tutapata saini. Aliniangalia kama anavyoniangalia mwanafunzi asiyesoma kitabu lakini anaona haya kusema.

Alhamisi, 3 Aprili

Siku ya mwisho. Saini ishirini na tisa.

Ijumaa, 4 Aprili

Redio: mvua ya joto kuanzia usiku, inchi tatu, labda nne. Theluji mlimani bado inafika kiunoni.

Jumapili, 6 Aprili. Ukumbi wa shule

Naandika nimekaa kwenye sakafu ya ukumbi, mgongo ukutani, pale pale yalipolundikwa makoti mwezi uliopita. Kuna vitanda vya turubai hamsini. Nisipoandika sasa nitaanza kuipamba.

Jana ilikuwa karamu ya sukari, ile ya kila mwaka kwenye kituo cha zimamoto, mwisho wa Mtaa wa Kinu. Mvua ilikuwa inamwagika tangu alfajiri, mvua ya vuguvugu, na hakuna aliyeahirisha. Kwetu karamu ya sukari haiahirishwi. Watoto walitoka na makarai kukomba theluji nyuma ya jengo, akina mama wakaimwagia sukari inayochemka, watu wakawa wanaizungusha kwa uma na kula na donati na matango ya siki. Mvua ilipiga bati kiasi kwamba ilibidi kupiga kelele ili upitishiwe tango.

Saa saba Haskell aliingia. Alikuwa amelowa mpaka kwenye mfupa. Alikuja moja kwa moja mezani kwangu, akaweka chupa katikati ya sahani. Ilikuwa kama kakao. Chini kulikuwa na mchanga.

"Nimefungua lango," akasema.

"Umefungua?"

"Tangu saa tano. Halitoshi. Maji yanaingia mengi kuliko yanayotoka, na limekwama nusu." Midomo yake ilikuwa ya buluu. "Watoe watu, Lorna. Mimi sijui kuwaambia. Wewe unajua."

Akageuka akatoka. Nilidhani anakwenda kuwasha king'ora.

Nikasimama. Miaka kumi na tisa nawafundisha watu kusimama, na sauti yangu ilitoka kama ya Haskell. Nikasema, "Jamani," na hakuna aliyegeuka kwa ajili ya mvua. Ndipo Maudie, aliyekuwa anagawa donati, akaweka trei chini na kupanda juu ya kiti na mabuti yake.

"Nisikilizeni!"

Ile sauti. Wakageuka wote, wengine wakaanza kutabasamu, wakidhani ni hotuba.

"Ukuta unaondoka. Haskell amefungua lango na halitoshi. Tokeni sasa hivi, nendeni shuleni juu."

Orrin aliinuka taratibu, uma bado mkononi. Uso ulikuwa umepauka, lakini bado aliendesha mambo kama mkutano. "Maudie, mwezi mmoja uliopita ulitwambia huogopi."

"Nilidanganya."

"Sasa tumwamini yupi? Wa Machi au wa Aprili?"

Mtu akacheka. Mmoja tu, na kwa woga, lakini nilimwona Maudie akikunja mabega, akirudi kuwa yule asiyetaka kuonekana. Hapo ndipo sauti yangu ikatoka.

"Ni mimi niliyedanganya!" nikapiga kelele. "Alichota kikaratasi kwenye mkebe wangu. Aliniomba abadilishe nikamkatalia. Lile neno la mwisho ni langu, nilimtungia mimi, na aliniambia wakati uleule kwamba anaogopa. Na mimi nilikuwa nayo chupa ya Haskell. Niliificha kabatini kabla hamjapiga kura."

 Mama Colby alinitazama kwa jicho ambalo nitakufa nalo. Kisha akafunika sufuria yake, akamshika mjukuu wake mkono, akasema, "Haya. Tutamsuta baadaye." Na huyo akatoka. Mmoja akamfuata, halafu watano, halafu viti vikaanza kuanguka. Orrin mwenyewe ndiye aliyewasha king'ora.

Mimi na Maudie tulikimbilia kwao. Mzee Armand alikuwa amekaa kwenye meza ya kulia, fimbo magotini, redio imezimwa. Fremu juu ya kichwa chake.

"Babu, inuka. Twende."

"Nasikia mnavyopiga makelele. Wacha waende waoga."

Nikaanza. Nilimpa hoja zote, Mungu anisamehe, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilimwambia nilivyomtungia mjukuu wake lile neno. Akanitazama kwa upole kabisa. "Mwalimu," akasema, "akina Thibault hawasemi uongo. Labda wewe."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na sauti ambayo sikuwa nimeisikia kabla. Haikuwa kubwa. Mawe yalikuwa yanasuguana.

Maudie akavuta kiti, akaketi mkabala na babu yake, akaweka viganja viwili juu ya meza.

"Sawa," akasema. "Tukae."

"Wewe nenda."

"Kwa nini? Si mimi nisiyeogopa? Nilisema mbele ya mji mzima. Tukae, babu."

Sikuwahi kuogopa hivyo maishani. Nilitaka kumburuta kwa nywele. Nilitaka kukimbia, nalisema, nilikuwa nimeshashika kitasa. Mzee alimtazama usoni, na uso haukumwambia kitu, maana nilimfundisha kuutuliza. Kisha akatazama chini. Viganja vya Maudie vilikuwa vinagonga meza vyenyewe, na kijiko kilichokuwa kwenye sahani kilikuwa kinalia.

"Unatetemeka."

"Ndiyo, babu."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa na miaka sita."

Mzee akafumba macho. Alipofumbua alikuwa ameshika fimbo. "Nipe kofia," akasema. Fremu aliiacha.

Tulikuwa kwenye kona ya kanisa, mzee katikati yetu, pale ukuta ulipoondoka. Saa nane kasorobo. Sitaki kuandika ilivyokuwa. Mtaa wa Kinu haupo. Kituo cha zimamoto hakipo, na meza, na makarai ya theluji.

Tumehesabiwa ukumbini usiku kucha, jina baada ya jina. Watu wote wa Mtaa wa Kinu wapo. Aliyekosekana ni mmoja. Orrin anasema yeye ndiye aliyewasha king'ora, na hakumkuta Haskell pale. Kijana wa akina Colby alimwona akipanda ngazi ya ukuta na chuma cha kuzungushia lango begani.

Jumatatu, 7 Aprili

Wamempata, chini ya daraja la reli. Chuma alikuwa nacho.

Jumatano, 16 Aprili

Maziko. Mvua imekatika. Mzee Armand alivaa suti ya kuazima.

Jumatatu, 28 Aprili

Tumerudi darasani. Ubao ulikuwa mtupu, hakuna aliyeandika kitu, nami sikuandika. Mkebe nimeutupa.

Nyumba ya Haskell iko mlimani, haikuguswa. Nilikwenda jana na Maudie tukazileta chupa zake kwenye sanduku, sitini na nne, na ile ya kwangu iliyokuwa nyuma ya unga, sitini na tano. Tumezipanga darasani kwenye dirisha lote kwa tarehe. Jua lilikuwepo. Wanafunzi walitembea toka mwanzo mpaka mwisho, mmoja mmoja, bila kuambiwa.

Nikawaambia kazi ya leo ni kuiandika hotuba ya Haskell, ile aliyoitoa mkutanoni, ili iwekwe kwenye kumbukumbu za mji. Nilikuwa nimemwomba karani nakala. Hotuba ya Maudie imeandikwa neno kwa neno, ukurasa mzima. Juu yake kuna mstari mmoja: "Bw. Bixby naye alizungumza."

"Basi tuikumbuke wenyewe," nikasema. "Nani alikuwepo?"

Mikono kumi na minne.

"Alisema nini?"

Mmoja akasema alikuwa na chupa. Mwingine akasema mtu alimtania juu ya chai. Baada ya hapo kila mtu alimtazama mwenzake. Nikafungua daftari hili hapo mezani, tarehe nne Machi, kwa kuwa siku hiyo niliandika nikitaka niikumbuke yote. Nimeisoma mara tatu.

"Mwalimu?" Maudie aliuliza. "Wewe si ulikuwa safu ya pili?"

Nikawaambia alichoniambia mimi jikoni: yakitoka safi, bwawa linatokwa jasho, yakitoka na tope, ukuta unaliwa kwa ndani. Maudie alikiandika kwenye kadi, akakisoma kwa ile sauti yake ya chini, na darasa lote likanyamaza kama ulivyonyamaza ukumbi.

"Ni maneno mazuri," akasema. "Aliyasema na siku ile?"

"Sijui," nikamjibu. "Sikuwa namsikiliza."